Kabla Hujaniuliza Hamira, Niambie Pipa ni la Nani

Tangu niweke picha ya chupa zetu za mvinyo wa mananasi zikiwa zimepangwa kwenye rafu ya supamaketi moja ya Jinja, hapa Uganda, simu yangu haijapumzika. Wapo wanaonipongeza, wapo wanaouliza bei, na wapo ambao miaka yote walituita watu wa juisi iliyooza, ambao sasa wanataka kujua kama tuna nafasi ya kazi. Nimewasoma wote. Sijawajibu wote.

Ujumbe mmoja nimeurudia sana. Umetoka kwa dada mmoja wa Busia. Yeye, kaka zake wawili na mdogo wao wa kike wamekubaliana kutengeneza mvinyo wa mananasi na pasheni, na mama yao amewapa chumba cha uani. Maswali yake ni mazuri: hamira gani, mapipa ya lita ngapi, chupa zinapatikana wapi, nani anachapa lebo kwa bei ya kibinadamu. Ameandika kwa furaha kiasi kwamba naona haya kumjibu kwa ukali. Ila, dada yangu, katika maswali yote hayo hukuuliza hata moja kuhusu hao kaka zako. Chumba ni cha mama, sawa. Pipa ni la nani? Sukari imenunuliwa kwa pesa ya nani? Mmoja wenu akioa na mke wake akamkataza kukesha akiosha chupa, mtafanyaje?

Najua unachokitaka, kwa kuwa ndicho tunachokitaka sote tunaosomana hapa. Chupa yenye jina la nyumba yako. Mtoto wako aulizwe shuleni wazazi wake wanafanya kazi gani, ajibu bila kuinamisha macho. Hutaki kumwamkia bosi kila asubuhi, na hutaki faida ya nanasi iishie mfukoni mwa mwenye lori. Mimi nimefika huko, kwa hiyo nisikilize.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa askari, Mteso, na nimekulia kambini Jinja, mahali ambapo kila mtoto aliacha lugha ya mama yake mlangoni na kugombania zamu ya bomba kwa Kiswahili. Nikaolewa Kangulumira, wilaya ya Kayunga, ng'ambo ya Nile, kwa Waganda. Kwetu Teso kinywaji ni ajono ya wimbi, wazee wanakaa duara na mirija mirefu wakinyonya chungu kimoja. Nilikoolewa ni tonto, pombe ya ndizi. Siku ya kwanza kuona wanaume wazima wakikanyaga ndizi kwa miguu nilicheka mpaka mama mkwe akanitumia jicho.

Baba mkwe, Mungu ampumzishe, alijulikana kwa tonto mpaka Nazigo. Aliivundika mbidde, ndizi ya kutengenezea pombe, kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, ikikaa humo siku kadhaa mpaka iive. Ilimenywa, ikatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, ikakanyagwa mpaka itoe maji yake. Maji yale yalichujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa. Kesho yake au keshokutwa ilikuwa pombe. Hakuna aliyewahi kuuliza katika nyumba ile mwenye biashara ni nani. Baba alikamua, mama aliuza, watoto walichota maji na kukata majani. Pesa ilikaa kwenye mshipi wa gomesi (vazi refu la wanawake wa Kiganda) ya mama mkwe, na yeye, ambaye hakukaa darasani, alikuwa na madeni ya kijiji kizima kichwani.

Halafu ikaja kiwotoka. Huu ni mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ulionekana Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001, huko Mukono, na sisi Kayunga tulikuwa ndiyo kwanza tumetengwa na Mukono. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, na mgomba wenyewe ukikatwa unatoa usaha wa njano. Wadudu wanaofuata utomvu wa ua la dume ndio wanaousambaza, na kayinja, ndizi ya pombe, iliumia kuliko karibu zote. Baadaye watu walifundishwa kulivunja ua la dume kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa kisu, maana kisu hubeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Shamba la baba mkwe halikungoja mafunzo hayo.

Familia ikahamia kwenye mananasi pamoja na Kangulumira nzima. Nanasi ni zuri, lakini linakuweka miezi kumi na minane ukipalilia, kisha linaiva kwako na kwa jirani yako wiki moja. Lori linasimama barabarani, dereva anateremka, anataja bei, anarudi kukaa kwenye kivuli na kungoja. Anajua mananasi yako hayana pa kwenda. Ni mume wangu aliyesema basi tuyape pa kwenda. Yeye ni mwalimu wa kemia, ndiye aliyeleta haidromita, kile kipimo cha sukari kwenye juisi, nyumbani, na mtaji wa kwanza ulikuwa mkopo wake wa SACCO. Naomba ulishike hilo la mkopo, tutalirudia.

Mvinyo wenyewe si uchawi, na nitausema kwa kifupi kwa kuwa dada wa Busia ameuliza. Juisi ya nanasi lililoiva vizuri ina sukari ya asilimia 12 au 13. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja zinakupa karibu asilimia moja ya kileo, kwa hiyo juisi peke yake inakufikisha asilimia 7 na kitu, na mvinyo wa hivyo hautunziki. Ukitaka asilimia 12 unaongeza sukari, gramu 80 hadi 90 kwa lita, na unapima. Usikadirie kwa ulimi. Tumia hamira ya mvinyo; ile ya mkate inachoka mapema na inaacha harufu ya andazi. Funga pipa, toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba, mwisho wake uzame kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke na isiingie. Mapovu yakiisha na pipa likinyamaza, hamisha mvinyo kwa mpira ukiacha mashapo chini, uache utulie, uhamishe tena. Salfaiti kidogo ya kuulinda. Na kama utaongeza utamu mwishoni, tia potasiamu sobeti, la sivyo hamira iliyobaki itaamka ndani ya chupa na kizibo kitapiga dari. Joto la hapa kwetu ni kali, sisi huyafunga mapipa kwa magunia yaliyoloweshwa. Usafi, usafi, usafi. Yaliyobaki ni subira.

(Na wale wanaoniuliza kwa nini si zabibu: zabibu inataka ukavu. Dodoma kule Tanzania wana ukavu huo, wanavuna mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wao naunywa kwa heshima. Sisi tuna mvua misimu miwili na kuvu wa kila aina. Tengeneza mvinyo wa kinachoota kwako.)

Sasa tuje kwenye kazi ngumu, nayo ni watu.

Baba mkwe alipofariki, ukoo ulimchagua musika, yaani mrithi wa kimila, na aliyevishwa vazi la gome na kukabidhiwa mkuki si mume wangu bali mdogo wake, shemeji yangu. Wasio Waganda nisaidieni kuwaelewesha wenzenu: mtu akishakuwa musika, anasimama mahali pa marehemu. Kaka zake wakubwa nao humwita baba. Mimi nilimpigia magoti nikimwamkia, na sikuona shida, nimelelewa nyumba ya nidhamu. Shida ilianza pale musika alipoyatazama mapipa yaliyokuwa kwenye stoo ya baba yake na kuyaona ni sehemu ya nyumba ya baba yake.

Kila mgeni aliyekuja kumsalimu alipelekwa stoo. Shemeji alifungua pipa, akachota kwa kikombe, akamimina, wakasifu, akafungua la pili ili mgeni alinganishe. Nilimweleza mume wangu kwamba pipa likifunguliwa hewa inaingia, na pamoja na hewa wanaingia bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Mume wangu alilijua hilo kuliko mimi, kalisomea. Lakini angemwambiaje baba wa nyumba asimkaribishe mgeni kinywaji? Ukarimu wa Waganda haungoji mvinyo utulie. Tukapoteza pipa moja baada ya jingine, na siki ile tuliwauzia wauza chipsi wa Jinja, ambao mpaka leo wananiuliza kama ninayo nyingine.

Watu wanaosikia kisa hiki husema shemeji alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye cheo katika nyumba ambayo hakuna karatasi iliyosema cheo hicho kinaishia wapi. Ukoo ulimpa mkuki, haukumpa haidromita. Sheria yenyewe iko wazi kuliko mila: Sheria ya Urithi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mrithi wa kimila asilimia 1 ya mali ya aliyekufa bila wosia, watoto asilimia 75, mjane asilimia 20 na wategemezi asilimia 4. Hiyo 1 ni ya mrithi wa kimila, soma tena. Na mapipa yetu hayakuwamo hata kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa yalinunuliwa kwa mkopo wa mume wangu baada ya mazishi. Lakini stakabadhi zilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya nani? Mkopo ulikuwa wa mtu mmoja, stoo ya marehemu, mananasi ya mama mkwe, mikono yangu na ya wifi, jina la ukoo. Wanasheria wangapi wangehitajika kulitenganisha pipa lile?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliimba msemo huo darasani, tukakua, tukaenda kufanya biashara na ndugu zetu bila daftari.

Kisha Machi 2020 baa zikafungwa, na hazikufunguliwa rasmi mpaka Januari 2022. Harusi zikawa za watu wachache, kwanjula, zile sherehe za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, zikaahirishwa, hoteli zikawa na walinzi tu. Mume wangu alifundisha shule binafsi. Shule ilipofungwa, mshahara nao ukafungwa, ila SACCO haikufunga. Miezi ile ndipo nilipomjua kila mtu. Aliyekuwa na njaa alichukua katoni. Aliyekuwa na mgonjwa alichukua katoni. Kila mmoja alisema anachukua fungu lake, na mafungu yalipojumlishwa yalizidi mvinyo uliokuwapo. Mimi na wifi tuliendelea kusindika, tukiuza usiku kwa majirani, kwa chupa za soda, huku watoto wote wa nyumba ile wakila kutoka sufuria yangu kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa "na biashara". Sikudai shukrani wakati ule na sidai sasa. Nataka tu ijulikane.

Baa zilipokaribia kufunguliwa, shemeji alikwenda Kampala, akasajili jina la biashara kwa jina lake peke yake. Lilikuwa jina la babu yao, ndilo lililokuwa kwenye lebo zetu. Tuligundua kwa mteja, mwenye duka Mukono, aliyetupigia simu kuuliza kwa nini tumemletea mvinyo mchanga kwa bei ya chini. Hatukuwa tumempelekea kitu. Nilikaa kwenye ngazi ya stoo na simu mkononi, wifi akadhani nimefiwa.

Kikao cha ukoo kiliitwa. Wazee walizungumza sana kuhusu umoja. Mzee mmoja alisema jina la babu ni la wote, kwa hiyo hata shemeji hakuiba, amelitumia tu jina la babu yake, na hapo, kusema kweli, alikuwa na hoja. Hata sisi hatukumwomba babu ruhusa. Nikaambiwa mimi ni mke wa mwana tu, nitulie. Nikatulia. Tukachapa lebo mpya. Jina tulilo nalo sasa halimhusu babu wa mtu yeyote, nimelitunga mimi, na safari hii limesajiliwa kama alama ya biashara. Nawaomba mtofautishe vitu hivi viwili: kusajili jina la biashara pale URSB, ofisi ya serikali ya usajili, hakukupi ulinzi wa chapa yako sokoni. Alama ya biashara ndiyo inayokulinda, inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Na isajiliwe kwa jina la kampuni, wala isiwe ya mtu mmoja, hata mtu huyo akiwa ni wewe unayenisoma na unajiamini.

Mvinyo wa shemeji upo sokoni? Nasikia upo. Sijauonja.

Nisije nikaonekana nawasema Waganda, au Waafrika, maana kuna msomaji mmoja huwa hakosi kuandika kwamba "sisi weusi ndivyo tulivyo". Acha hizo. Cesare Mondavi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, alikinunua kiwanda cha mvinyo cha Charles Krug kule California mwaka 1943, akawaweka wanawe wawili, Robert na Peter, wakiendeshe. Baba akafa mwaka 1959. Mwaka 1965 ndugu wale walipigana ngumi, watu wazima, na ugomvi ukaishia kwa Robert kutolewa kwenye biashara ya familia. Mwaka uliofuata akaanzisha kiwanda chake, akawa tajiri, wakashtakiana. Na mwaka 2004 kiwanda hicho chenye jina lake kikauzwa kwa kampuni ya Constellation Brands kwa zaidi ya dola bilioni moja. Jina la baba bado liko kwenye chupa, mwenye chupa ni mwingine. Hao walikuwa na mawakili na mahasibu. Wewe wa Busia una mama na chumba cha uani.

Halafu watazame Antinori wa Florence, Italia, familia ya watengeneza mvinyo. Wanahesabu kuanza kwao tangu mwaka 1385, vizazi 26. Piero Antinori hakupata mtoto wa kiume, ana mabinti watatu, na leo mkubwa wao, Albiera, ndiye anayeongoza. Nilipolisoma hilo nilimsomea mama mkwe kwa Luganda. Akauliza kama huyo binti ameolewa.

Lakini ninayempenda zaidi ni mjane Clicquot, yule wa shampeni. Alifiwa na mumewe mwaka 1805, akiwa na miaka 27, na akaenda kwa baba mkwe wake kuomba mtaji wa kuendeleza biashara. Baba mkwe akakubali, kwa sharti: kwanza ajifunze kazi chini ya mtu anayeijua. Akajifunza. Sharti hilo ndilo lililonigusa kuliko utajiri uliofuata. Mkwe aliyempenda mke wa mwanawe hakumpa pesa kwa huruma tu, alimpa pamoja na masharti, na masharti yale ndiyo yaliyompa mwanamke yule haki ya kusimama mbele ya wanaume wa Champagne na kusema hii ni kazi yangu. Huku kwetu ukimwekea ndugu sharti anasema humwamini. Mwambie ndiyo, simwamini mtu yeyote, nikiwemo mimi mwenyewe saa nane za usiku nikiwa na deni.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada wa Busia na wengine wote mnaoandika, ni kuandika. Mtaniona ninarudia, na nitarudia. Kaeni mezani kabla ya kununua hata chujio. Andikeni nani ametoa nini: pesa, ardhi, matunda, chumba, jina, kazi. Chumba cha mama kina kodi, iandikeni hata kama ni shilingi kidogo, ili siku moja kaka asiseme alikipata bure. Andikeni nani analipwa mshahara na nani anangoja faida, maana hayo ni mambo mawili, na anayeosha chupa hawezi kungoja faida, anakula leo. Mlipeni ndugu. Ndugu asiyelipwa hujilipa.

Andikeni pia nani mwenye neno la mwisho juu ya pipa. Mtu mmoja. Kwetu ni mimi, na hata mume wangu hafungui pipa bila mimi, yeye na kemia yake. Mgeni akija ana chupa zake zilizotengwa, na zinaandikwa kwenye daftari kuwa za wageni. Mwanzoni watu walinicheka kwa daftari la wageni. Sasa nimemwona mwenye hoteli moja akiuliza kama anaweza kuliiga.

Andikeni nini kitatokea mmoja akiondoka, akifa, akioa, akiokoka. Ndiyo, akiokoka. Wifi yangu aliokoka katikati ya msimu wa mananasi, akaja kuniambia kwa machozi kwamba hawezi tena kugusa pombe. Nilidhani ndiyo basi. Tukazungumza siku nzima, mchungaji wake akapigiwa simu, na ikaonekana kwamba lebo ni karatasi na hesabu ni namba. Tangu hapo yeye ni wa lebo na hesabu, haingii chumba cha mapipa, na sijawahi kuwa na mhasibu mwaminifu hivyo. Mlokole asiyekunywa ndiye wa kumpa ufunguo wa stoo. Hilo nalitoa bure.

Habari za UNBS, shirika la viwango la Uganda, nitazipitia mbio, zinachosha na kila mtu anazijua au atazijua. Alama ya ubora hupati kwa kutengeneza mvinyo jikoni. Watataka chumba chake, sakafu na kuta zinazooshwa, maji yaliyopimwa, sampuli maabara, na watarudi. Kisha kuna stempu za kidijitali za URA, mamlaka ya kodi, zilizoanza mwaka 2019, mwaka uleule pombe ya viroba ilipopigwa marufuku. Utalalamika, sote tumelalamika. Lakini kumbuka Kabale mwaka 2010, makumi ya watu walikufa kwa waragi, pombe kali ya kwetu, iliyotiwa methanoli. Mteja anayeshika chupa ya mtu asiyemjua anakumbuka mambo hayo hata kama hasemi, na ile alama ndiyo inayomwambia anywe. Kwa utaalamu wa usindikaji nendeni pia UIRI, taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa, Kampala, mjifunze, msikae kutazama video za watu wa nchi za baridi wanaosema weka pipa kwenye ghala la chini ya nyumba. Ghala lipi?

Na msiniambie kwamba ninyi ni ndugu mnaopendana, hamhitaji makaratasi. Hata sisi tulipendana. Musika yule alimbeba mtoto wangu wa kwanza mgongoni kwenda zahanati kwenye mvua, na sitalisahau. Ndiyo maana liliuma. Angekuwa mtu baki ningemshtaki na kulala usingizi. Wanaopendana ndio hasa wanaohitaji karatasi, kwa kuwa hao ndio watakaoona aibu kudaiana, na aibu hiyo itakaa kifuani miaka mpaka itoke siku ya msiba mbele ya watu. Undugu ni kufaana, na huwezi kumfaa mtu ambaye hujui unamdai au anakudai.

Mnaouliza kama ukoo umekubali mambo haya: wengine bado. Kuna wanaosema Mteso amekuja kuwafanya watoto wa nyumba kuwa vibarua kwenye shamba la baba yao. Wananunua lakini. Wifi ana orodha ya majina na chupa.

Karatasi yetu wenyewe tuliisaini baada ya lebo mpya kutoka, nyumbani, mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kampuni ina wenye hisa wanne: mume wangu, mimi, wifi na mama mkwe. Mama mkwe ana hisa kwa ajili ya mananasi na kibanja, kipande cha ardhi, ambacho chumba cha mapipa kimejengwa, na juu ya hisa analipwa kodi kila mwezi. Alisomewa kila kifungu kwa Luganda, taratibu, na mjukuu wake, akaitikia kwa kichwa kila palipotajwa jina lake. Akaweka dole gumba. Akafuta wino kwenye gomesi, akaomba nakala yake, akaikunja, akaipeleka kwenye mshipi. Halafu akasema kwamba kwa kuwa sasa yeye ni mwenye nyumba kisheria, kodi iliyoandikwa ni ndogo mno, na kwamba baba mkwe wangu asingekubali. Mwenyekiti akacheka. Mimi nikamwomba wifi alete kalamu tupandishe.